UZI: Namba tatu za mwanzo za bakodi hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi. Tufundishane kusoma lebo hapa

Kisogo cha Pakiti (mleta uzi)

Wakuu, ule ujumbe umerudi tena. Safari hii nimeupokea mara nne kwa siku moja, mara mbili kutoka kwa watu ninaowaheshimu. "Tazama namba tatu za mwanzo za bakodi. Ikianza na 690 mpaka 699 imetengenezwa China, 300 mpaka 379 Ufaransa, 400 mpaka 440 Ujerumani. Watumie uwapendao." Na mikono ya kuomba mwishoni, kama kawaida.

Namba zenyewe ni za kweli. Kilichopotoshwa ni maana yake. Zinatolewa na shirika linaloitwa GS1, lenye ofisi katika nchi nyingi. Kampuni hujisajili kwenye ofisi mojawapo, hupewa fungu lake la namba, basi. Kwa hiyo zile tarakimu za mwanzo zinakwambia ofisi ya nchi gani ilitoa namba. Kampuni iliyosajiliwa Ufaransa ikipikisha jamu Uturuki, bakodi itaendelea kuanza na 3. GS1 wenyewe wameshasema mara nyingi kwamba namba hiyo si ushahidi wa nchi ya asili.

Mnaobisha, nendeni kwenye kitabu chochote kilicho karibu. Bakodi yake huanza na 978. Hiyo ni nchi gani? Halafu tazameni kipande cha nyama au jibini kilichopimwa na kubandikwa karatasi palepale dukani: mara nyingi huanza na 2, kwa sababu mafungu ya 20 mpaka 29 yameachiwa maduka yajitungie namba za ndani.

Bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye mashine ya kusoma bakodi kaunta ya supamaketi ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's, mjini Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Mistari ile ilibuniwa ili foleni ya malipo iende haraka. Sisi wapelelezi hatukuwemo kwenye hesabu.

Nataka tuweke hapa njia zinazofanya kazi kweli. Ila kwanza tukubaliane kwamba tunachoita swali moja ni maswali matatu: kiwanda kiko wapi, malighafi imetoka wapi, na faida inaishia mfukoni kwa nani. Pakiti moja inaweza kuwa na majibu matatu ya nchi tatu.

mtu_chai

Mkuu, mimi hiyo ya bakodi nimeitumia miaka na haijawahi kuniangusha. Nikiona 690, nikigeuza nyuma nakuta imeandikwa China. Unataka kuniambia macho yangu yanaongopa?

Kisogo cha Pakiti

Macho yako salama. Kampuni nyingi husajili namba kwao na kuzalisha kwao, kwa hiyo mara nyingi vinalingana. Lakini ona ulichokiandika mwenyewe: ulijua ni China baada ya kugeuza nyuma. Sasa bakodi ilikusaidia nini?

Sindano

Nyundo hiyo. Naweka kiti hapa.

Kisogo cha Pakiti

Tuanze na kiwanda. Kuna kanuni za kimataifa za lebo za vyakula vilivyofungashwa, zinaitwa Codex, na nchi nyingi zimejenga sheria zao juu yake. Zinataka lebo iwe na jina na anwani ya mtengenezaji, au mfungashaji, au msambazaji, au mwagizaji, au muuzaji. Zitazameni hizo "au". Ndiyo maana anwani unayoiona inaweza kuwa ya ofisi yenye meza mbili na mtu wa kupokea simu, na kiwanda kiko bara jingine.

Kwa hiyo someni kitenzi kabla ya anwani. "Imetengenezwa na" ni maneno mazito. "Imetengenezwa kwa ajili ya" maana yake aliyetajwa siye aliyetengeneza. "Imesambazwa na" haikwambii lolote kuhusu kiwanda. "Imefungashwa na" inaweza kuwa mtu aliyepokea magunia akayajaza kwenye vipakiti.

Baada ya hapo tafuteni alama ndogo ambazo hazikuwekwa kwa ajili ya kutuvutia, kwani hizo ndizo hazina sababu ya kujipamba. Bidhaa za wanyama za Umoja wa Ulaya, yaani maziwa, jibini, nyama, samaki, huwa na alama yenye umbo la yai. Juu kuna herufi za nchi (FR, DE, IE), katikati namba ya kiwanda, chini EC au CE au EG kutegemea lugha. Orodha za namba hizo ziko wazi mtandaoni. Unaandika namba, unaletewa jina la kiwanda na mji. Angalizo: huyo ni wa mwisho kuishughulikia bidhaa. Anaweza kuwa aliikata vipande na kuifunga tu.

Mayai ya huko yana muhuri kwenye ganda lenyewe. Tarakimu ya kwanza ni jinsi kuku walivyofugwa: 0 kilimo hai, 1 wanaotoka nje, 2 wa bandani, 3 wa kwenye vizimba. Zinafuata herufi za nchi, kisha namba ya mfugaji. Hakuna chakula kinachonyoosha maelezo kama yai.

Marekani, nyama ina muhuri wa ukaguzi wa Wizara ya Kilimo wenye EST na namba; kuku huwa na P. Nako orodha iko wazi. Maziwa yao yana msimbo unaoanza na tarakimu mbili za jimbo, 06 ni California, 55 ni Wisconsin, kisha namba ya kiwanda. China wana namba ya leseni ya uzalishaji, herufi SC zikifuatiwa na tarakimu 14, na ndani yake kuna msimbo wa mkoa. India nao wana leseni ya FSSAI, mamlaka yao ya usalama wa chakula, ya tarakimu 14, ambayo tarakimu ya pili na ya tatu ni jimbo.

Mzee wa Ghala

Wanangu, mimi nimefanya kazi kwenye laini ya kufungasha miaka kumi na moja, kiwanda sitakitaja. Asubuhi tulikuwa tunafunga biskuti kwenye karatasi ya chapa inayojulikana. Saa sita mashine inasimama, fundi anabadilisha roli la karatasi, jioni tunafunga kwenye karatasi ya supamaketi. Wafanyakazi walewale, oveni ileile.

Kwa hiyo msihangaike na picha ya mbele. Tafuteni namba ya bechi, ile iliyopigwa kwa wino karibu na tarehe, mara nyingi imepinda na kufifia. Sisi herufi ya kwanza ilikuwa ya kiwanda, ya pili laini, halafu siku ya mwaka. Bidhaa mbili za majina tofauti zikiwa na mtindo mmoja wa kuandika bechi, maneno yaleyale ya "hifadhi mahali pakavu" na kizibo kilekile, kuna uwezekano mkubwa zimetoka mlango mmoja.

Sindano

Shikamoo mzee. Kwa hiyo miaka yote tumelipia karatasi?

Mzee wa Ghala

Marahaba. Hapana, usikimbilie huko. Oveni moja haina maana ya unga mmoja. Mwenye supamaketi alikuja na karatasi yake ya vipimo: siagi kiasi fulani, mafuta kiasi fulani. Wakati mwingine ya kwake ilikuwa nyepesi kuliko ya chapa kubwa, na kuna mteja mmoja ya kwake ilikuwa nzito zaidi. Linganisheni orodha ya viungo, maana huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Zikifanana mpaka asilimia, hapo sawa, sema unalipia karatasi.

Bi Kizibo

Asante mzee. Mimi swali langu kwa mleta uzi ni hilo la pili. Nimeshika chupa ya asali, imeandikwa nchi moja kwa herufi kubwa, na chini kwa herufi za kuchungulia "mchanganyiko wa asali za Umoja wa Ulaya na zisizo za Umoja wa Ulaya". Si ndiyo dunia nzima hiyo?

Kisogo cha Pakiti

Dada, ndiyo dunia nzima. Maneno hayo yaliruhusiwa kisheria kwa miaka mingi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha badiliko la kulazimisha asali ya mchanganyiko itaje nchi moja moja pamoja na asilimia, na tarehe iliyowekwa ya kuanza ni Juni 2026. Kwa hiyo chupa za zamani na mpya zitakuwa rafu moja kwa muda.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba kisheria "nchi ya asili" si lazima iwe shamba. Codex inasema chakula kikisindikwa katika nchi ya pili kikabadilika asili yake, ile nchi ya pili ndiyo inayohesabika. Buni ikikaangwa kwingine, nyanya ikigeuzwa sosi kwingine, utambulisho unahama. Mafuta ya zeituni ndiyo mfano wa darasani: chupa ina mandhari ya Italia, jina la Kiitaliano, na maandishi madogo yanasema zeituni ni za Hispania, Ugiriki na Tunisia. Hakuna aliyevunja sheria. Ila wewe uliyenunua mandhari umepata mafuta.

Nchi nyingine zimejaribu kuliweka wazi. Australia tangu Julai 2018 vyakula vingi vina kibandiko chenye kangaruu na upau unaoonyesha asilimia ya viungo vya nyumbani. Kwa macho yangu ndiyo lebo bora kuliko zote, hata mtoto anaielewa. Umoja wa Ulaya tangu Aprili 2020 unataka hivi: ukitangaza nchi mbele ya pakiti na kiungo kikuu kikawa cha kwingine, useme. Lakini wanakubali useme tu "si ya nchi hiyo". Uswisi tangu 2017 wanataka asilimia 80 ya uzito wa malighafi iwe ya kwao, na maziwa yote, kabla hujatumia jina la nchi au msalaba wao. Wale wa chokoleti ya Toblerone walipohamishia sehemu ya uzalishaji Slovakia, mwaka 2023 ilibidi waondoe ule mlima Matterhorn kwenye pakiti. Chapa yenyewe ni ya Mondelez, kampuni ya Marekani.

Samaki wa baharini someni namba ya eneo la uvuvi la FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) kama ipo: 27 ni Atlantiki ya kaskazini mashariki, 51 ni Bahari ya Hindi ya magharibi, 71 ni katikati ya Pasifiki ya magharibi. Samaki anaweza kuvuliwa Atlantiki, akagandishwa, akapelekwa China kutolewa miiba, akarudi kuuzwa alikotoka.

Na anayeona tunachambua mambo madogo akumbuke nyama ya farasi ya 2013. Lasanya iliyouzwa Uingereza kama ya ng'ombe ilipikwa Luxembourg, kwa agizo la kampuni ya Ufaransa, kwa nyama iliyoletwa na kampuni nyingine ya kusini mwa Ufaransa, iliyoinunua kupitia dalali aliyesajili kampuni Cyprus, kutoka machinjio ya Romania. Waromania walisema wao waliiuza ikiwa imeandikwa farasi. Jina lilibadilika njiani, na mwaka 2019 mahakama ya Paris iliwatia watu hatiani. Mnunuzi mwenye pakiti mkononi asingeweza kujua, hata angekuwa na miwani ya aina gani.

mtu_chai

Hiyo ya mwisho imenikata maini. Tuje kwenye umiliki sasa, maana mimi ndicho ninachokitaka. Kuna kampuni sitaki ziione hela yangu, sababu zangu nazijua.

Kisogo cha Pakiti

Hapo ndipo pana utamu. Jina la chapa ni kama shamba: mwenye hati ni mmoja, anayelilima mwingine, na hati yenyewe inaweza kugawanywa kwa mipaka ya nchi.

KitKat ni ya Nestlé, waliipata waliponunua Rowntree mwaka 1988. Lakini ndani ya Marekani inatengenezwa na Hershey kwa leseni. Cadbury ilinunuliwa na Kraft mwaka 2010, sasa iko Mondelez, na Marekani tena ni Hershey. Jibini la Philadelphia ni la Kraft Heinz huko Amerika Kaskazini na la Mondelez Ulaya. Kwa hiyo ukisema "nasusia Philadelphia", nitakuuliza uko upande gani wa bahari.

Kellogg's ndiyo inachekesha zaidi. Mwaka 2023 waligawana: nafaka za kifungua kinywa za Marekani, Kanada na Karibi zikaenda WK Kellogg, vitafunio na nafaka za kwingineko zikaenda Kellanova. Agosti 2024 Mars wakatangaza kuinunua Kellanova. Julai 2025 Ferrero, wale wa Nutella, wakatangaza kuinunua WK Kellogg. Jogoo mmoja kwenye boksi, familia mbili tofauti zinazochuana kwenye chokoleti.

Chai ya Lipton nayo: Unilever waliuza sehemu kubwa ya biashara yao ya chai mwaka 2022 kwa CVC, mfuko wa uwekezaji. Ile ya baridi ya kwenye chupa ilibaki kwenye ubia na PepsiCo. Siagi za mimea za Flora, Rama na Blue Band ziliuzwa na Unilever mwaka 2018 kwa KKR, kampuni nyingine ya uwekezaji. Ile picha maarufu ya mti wenye kampuni kumi zinazomiliki kila kitu, inayozunguka tangu 2012? Itupeni. Matawi yake mengi yameshakatwa na kupandikizwa kwingine.

Msidanganywe na jina kwa lugha ya kigeni. Aiskrimu ya Häagen-Dazs, jina hilo si Kidenmaki wala lugha yoyote. Ilibuniwa Bronx, New York, na Reuben na Rose Mattus. Galbani ni jibini la Italia kuanzia jina mpaka ladha, ila mmiliki ni Lactalis ya Ufaransa, ambayo ni ya familia ya Besnier na haiko kwenye soko la hisa. Hata shamba kwenye lebo linaweza lisiwepo: mwaka 2016 Tesco, supamaketi za Uingereza, walizindua chapa za nyama na mboga zenye majina ya mashamba ya kubuni, kwa Kiingereza kizuri cha kijijini.

Bi Kizibo

Mimi nilisoma kwamba Machi 2025 Salling Group, wenye maduka ya chakula Denmark, walianza kuweka nyota nyeusi kwenye lebo ya bei kuonyesha chapa inayomilikiwa na Wazungu wa Ulaya. Kila mtu akifanya hivyo si kazi imekwisha?

Kisogo cha Pakiti

Imejibu swali la tatu tu. Chapa ya Marekani inayotengenezwa kwenye kiwanda cha Ulaya, kwa maziwa ya mfugaji wa Ulaya, inakosa nyota. Chapa ya Ulaya inayopikwa nje inaipata. Mwenye kujali ajira za kiwandani na mwenye kujali gawio la wenye hisa watasoma nyota hiyo tofauti kabisa. Ndiyo maana namwambia kila anayesusia: amua kwanza unamkusudia nani.

Mahali pa kuchimba: tovuti ya kampuni, ukurasa wa "chapa zetu", ila huo huonyesha wanazojivunia tu. Kwa kampuni zilizoorodheshwa Marekani, taarifa ya mwaka inayopelekwa SEC, msimamizi wa masoko ya hisa huko, ina kiambatisho namba 21, orodha ya kampuni tanzu. Uingereza, Companies House, yaani msajili wa kampuni, ni bure, na tangu 2016 kampuni hutakiwa kumtaja anayeshikilia zaidi ya asilimia 25. Mwenye hati ya jina lenyewe mtafute kwenye kanzidata ya alama za biashara ya WIPO, shirika la hakimiliki la Umoja wa Mataifa, nayo bure. Kwa simu, kuna Open Food Facts, ilianzishwa Ufaransa mwaka 2012, unaskani bakodi (haya, bakodi imepata kazi yake) inakuletea viungo na wakati mwingine kiwanda. Inajazwa na watu wa kujitolea kama sisi, kwa hiyo tazama picha ya lebo waliyoweka na tarehe kabla hujaapa.

mtu_chai

Yote haya ya nini wakati juu kabisa wako BlackRock na Vanguard, yale makampuni makubwa ya kusimamia uwekezaji? Nimeangalia Nestlé wapo, PepsiCo wapo, Mondelez wapo. Ni wamoja hao.

Kisogo cha Pakiti

Wapo, na kura zao kwenye mikutano ya wanahisa zina uzito, sikatai. Ila hisa nyingi wanazishika kwa niaba ya mifuko ya pensheni na waweka akiba. Huyo si mmiliki wa namna ya baba mwenye nyumba. Na kuna milango hawaingii. Mars ni ya familia. Ferrero ni ya familia. Lactalis nimeshasema. Arla ni ushirika wa wafugaji wa nchi kadhaa za Ulaya, Fonterra ni ushirika wa wafugaji wa New Zealand: anayekamua ndiye mwenye kampuni. Ukisema wote ni wamoja unakuwa umempa kila mtu ruhusa ya kutotazama.

Sindano

Mtu_chai amekaa kimya siku ya tatu leo. Nani amemwona?

mtu_chai

Nipo. Nilikuwa na kazi niliyojipa. Nimechukua kopo moja la nyanya jikoni. Bakodi inaanza na 8, sitasema zaidi. Anwani ni ya nchi nyingine, na kitenzi ni "imesambazwa na". Nchi ya asili haijatajwa popote. Nikawaandikia barua pepe. Wamejibu: "Bidhaa zetu hutoka katika maeneo mbalimbali kulingana na msimu."

Mzee wa Ghala

Hilo ni jibu la kukuondoa mlangoni. Warudie, uwape namba ya bechi na tarehe ya mwisho ya matumizi, useme unataka kujua kiwanda cha bechi hiyo tu. Wanayo. Siku ya kurudisha mzigo wenye kasoro huwa wanaipata kwa dakika chache.

mtu_chai

Nimewapa, mzee. Imechukua siku sita. Wametaja kiwanda na mji. Ni nchi ya tatu kabisa, si ya bakodi wala ya anwani. Kuhusu nyanya zenyewe zililimwa wapi wamesema hiyo ni siri ya biashara.

Kisogo cha Pakiti

Weka picha ya kisogo cha kopo hapa, ficha jina. Na anayefuata alete lake.